Lifti za nyumbani Mbeya, Iringa na Njombe: aina nne zilizoko sokoni na nyumba zinazozifaa

Hukumu kwanza, sababu zitafuata. Kwa nyumba mpya ya ghorofa moja au mbili Mbeya mjini, Uyole au Mbalizi, tunaipa nafasi ya kwanza lifti ya haidroliki, kwa sharti kwamba mtambo wake, yaani pampu na tanki la mafuta, ukae ndani ya nyumba. Iringa, hasa upande wa Gangilonga ambako jembe halichelewi kugonga mwamba, chukua lifti ya skrubu. Lifti ya kamba na uzito wa kusawazisha ni ya nyumba ya ghorofa tatu kwenda juu, au ya mwenye nyumba asiyevumilia kusubiri. Na lifti ya hewa, ile ya bomba linaloonekana ndani ambayo picha zake zinasambazwa sana, tusingeinunua huku milimani mpaka muuzaji aandike kwenye mkataba kwamba uwezo wake umepimwa kwa mwinuko wa mita 1,700.

Vipeperushi vya wauzaji havipangi hivyo. Vinaanza na kabini: vioo, taa za dari, vitufe vya kugusa. Kabini karibu zote ni nzuri, na hakuna inayoharibika kwanza. Kinachoamua kama lifti itakuwa inatembea mwaka wa tano ni ardhi iliyo chini ya nyumba, umeme unaofika kwenye mita, baridi ya Juni na Julai, na umbali wa fundi. Tumezipima aina zote nne kwa mambo hayo.

Haidroliki

Pampu inasukuma mafuta kwenye jeki, jeki inapandisha puli yenye kamba au mnyororo, na kabini inapanda mita mbili kwa kila mita moja ya jeki. Kushuka hakuhitaji mota. Vali inafunguka, uzito wa kabini unayarudisha mafuta kwenye tanki. Hapo ndipo lifti hii inapowashinda wenzake wengi kwa nchi ya umeme wa kukatika: betri ndogo inatosha kufungua vali, aliyemo akashushwa hadi chini na mlango ukafunguka. Lifti haijui kama gridi imeanguka au ni LUKU yako imeisha. Kwa vyovyote vile unatoka.

Sifa yake ya pili ni ya Mbeya yenyewe. Mji uko kwenye njia ya malori ya Tunduma, na mafundi wa jeki za tipa na matrekta hawatafutwi kwa tochi. Sili, hozi, pampu na mafuta wanavielewa. Kwa hiyo jeki inayolia machozi haisubiri mtu atoke Dar es Salaam. Kuna mpaka mmoja tu, na usivukwe: vali iliyofungwa kwenye mdomo wa jeki, inayozuia mafuta ghafla bomba likipasuka, haiguswi na fundi wa tipa wala haibadilishwi kwa kifaa cha kufanana. Hiyo inatoka kwa mtengenezaji, inafungwa na fundi wa lifti, na inajaribiwa kabini ikiwa na mzigo kamili.

Udhaifu wake ni baridi. Asubuhi za Juni na Julai Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, Njombe huwa chini zaidi, na Makete sakitu si habari. Mafuta ya daraja VG 46, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye mitambo hii, yakipoa yanakuwa mazito. Kabini inasita kuanza, kisha inasimama sentimita moja au mbili juu au chini ya usawa wa sakafu. Ikifika saa sita mchana tatizo limekwisha. Fundi asiyejua chanzo hurekebisha vali asubuhi, na mchana kosa linahamia upande wa pili. Anaitwa tena, anarekebisha tena, hivyo hivyo hadi mwenye nyumba achoke. Dawa iko kwenye ramani: mtambo ukae kwenye stoo ya ndani au chini ya ngazi, mita chache kutoka kwenye mnara wa lifti (nafasi yenye kuta inamopita kabini), usiwekwe kwenye kibanda cha nje pamoja na jenereta. Agiza tanki lenye hita na kidhibiti joto, na muulize mtengenezaji kama anaruhusu mafuta mepesi zaidi ya VG 32. Chini ya tanki weka sinia ya chuma yenye kingo, inayotosha kushika mafuta yote likipasuka.

Kuna jambo jingine dogo linalowashtua watu. Kabini iliyoegeshwa ghorofani usiku hushuka kidogo kidogo mafuta yanapopoa na kusinyaa. Mfumo mzuri unairudisha wenyewe kwenye usawa, na ndiyo maana mota huunguruma sekunde mbili tatu saa nane za usiku. Si hitilafu. Ikiwa inaunguruma kila dakika chache, hapo sili au vali inapitisha mafuta.

Skrubu

Hapa kuna nguzo ndefu ya chuma yenye hesi na nati inayozunguka juu yake, jukwaa likiwa limefungwa kwenye nati. Aritco na Cibes za Sweden ndizo zinazojulikana zaidi. Lifti inakuja na mnara wake wa paneli za chuma au kioo, kwa hiyo hujengi ukuta wa zege, na shimo la chini ni kama sentimita 5 tu. Ukishindwa hata hizo, unaweka rampu fupi mlangoni. Kwa kiwanja cha mwamba faida hiyo peke yake inamaliza ubishi: kuchonga shimo la mita moja na robo kwenye jiwe la Iringa, bila baruti na jirani akiwa mita sita tu, ni kazi ya kompresa na wiki za kelele.

Usalama wake ni wa asili. Hesi za skrubu haziruhusu nati kuteleza yenyewe, na chini ya nati ya kazi kuna nati ya akiba ambayo haibebi kitu mpaka ile ya kwanza ilike. Mkaguzi hupima nafasi kati ya nati hizo mbili. Ikipungua kuliko kipimo cha mtengenezaji, nati ya kazi inabadilishwa. Ukaguzi wenyewe ni mfupi, lakini usipofanywa hutajua lolote, kwa sababu lifti itaendelea kutembea kama kawaida.

Sasa mabaya. Msuguano wa nati unakula sehemu kubwa ya nguvu: kupandisha kilo 400 kwa mwendo wa mita 0.15 kwa sekunde ni kazi ya wati 600 hivi, lakini mota yake ya kawaida ni ya kilowati 2.2. Nguvu inayobaki inageuka joto na mlio, na mlio huo unasikika kwenye chumba cha kulala kilichopakana na mnara. Mwendo wenyewe ni wa taratibu, kwa sababu sheria ya mashine ya Ulaya inaziwekea lifti za jukwaa kikomo cha mita 0.15 kwa sekunde. Sakafu hadi sakafu ya mita 3.3 ni sekunde 22. Mbili ni 44. Halafu kuna kitufe. Kwenye jukwaa lisilo na mlango wa kabini, kiwango cha Ulaya cha EN 81-41 kinataka kitufe kishikiliwe muda wote wa safari. Kwa bibi mwenye vidole vya baridi yabisi, sekunde 44 za kubonyeza ni adhabu. Kama lifti inajengwa kwa ajili yake, mpeleke aijaribu kabla ya kulipa malipo ya awali, au chagua toleo lenye kabini kamili na milango yake.

Vumbi nalo lina neno. Skrubu inapakwa mafuta, na mafuta yakichanganyika na vumbi jekundu la kiangazi yanakuwa msasa unaoila nati. Usiifunge kabla plasta, rangi na sakafu hazijakwisha.

Kamba na uzito wa kusawazisha

Ndiyo lifti ya kweli kwa maana ya hoteli na ofisi: mota juu ya mnara, kamba za chuma au mikanda, kabini upande mmoja na vyuma vya uzito upande wa pili. Ni laini, ya haraka, na inakula umeme kidogo kuliko zote kwa sababu mota inanyanyua tofauti tu ya pande mbili. Inverta ya sola ya kVA 5 inaweza kuiendesha bila kuzimika, jambo ambalo pampu ya haidroliki inayowashwa moja kwa moja haikuruhusu.

Inadai nafasi. Toleo la kawaida linalofuata EN 81-20 linataka shimo la mita moja na zaidi, na juu ya sakafu ya mwisho mita 3.4 hadi 3.7. Matoleo ya nyumbani yanapunguza vipimo hivyo kwa vifaa maalumu vya usalama, lakini dari ya nyumba ya kawaida ni mita 3, kwa hiyo kichwa cha mnara mara nyingi kinatoboa bati. Hapo ndipo mvua za Novemba hadi Aprili zinapoingilia. Kama mnara umekaa kwenye bonde la paa, maji yatafika kwenye mota hata ufunge flashingi za namna gani. Usogeze karibu na mgongo wa paa wakati bado ni penseli.

Mwinuko unagusa umeme wa lifti hii pia. Vibadili kasi vya mota hutengenezwa kwa uwezo kamili hadi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia hapo watengenezaji wengi wanataka upunguze asilimia 1 kwa kila mita 100, kwa sababu hewa nyepesi haipoozi vizuri. Mbeya ni asilimia 7 hivi, Njombe inakaribia 10. Suluhisho ni kuagiza kibadili kasi cha saizi moja juu. Tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na kukibadilisha kikiungua.

Kisha kuna tetemeko. Bonde la Ufa linapita hapa, na tetemeko la Rukwa la Desemba 1910 ni miongoni mwa makubwa kuwahi kupimwa Afrika. Nyumba ikitikisika, uzito wa kusawazisha ndio unaotoka kwenye reli kwanza na kuvamia njia ya kabini. Kiwango cha EN 81-77 kinahusu lifti za maeneo ya matetemeko. Omba angalau vishikio vya kuzuia uzito kutoka relini na mabano ya reli yaliyokaribiana. Skrubu haina uzito wa kusawazisha, na haidroliki nyingi za nyumbani hazina, kwa hiyo hofu hii haiko kwao.

Swali la mwisho la kumuuliza muuzaji wa lifti ya kamba: paneli ya kudhibiti imefungwa kwa nenosiri la kampuni au iko wazi? Lifti nyingi za Kichina zinatumia paneli za Monarch NICE 3000, ambazo fundi yeyote aliyezisomea anaweza kuzisoma na kuzirekebisha. Paneli iliyofungwa inakufunga wewe na kampuni moja maisha yako yote, na ofisi yake iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa barabara kutoka Mbeya.

Hewa

Bomba la plastiki ngumu, kabini ndani yake, na feni juu zinazovuta hewa ili hewa iliyo chini ya kabini iisukume kwenda juu. Haina shimo, haina mnara wa kujenga, na umeme ukikatika inashuka polepole yenyewe. Vizuri. Lakini inakula hewa, na huku hewa ni pungufu: shinikizo la Mbeya ni chini ya lile la pwani kwa karibu asilimia 18. Kwa bomba la kipenyo cha milimita 933, kila kilo 100 zinahitaji tofauti ya shinikizo ya kilopaskali 1.4 hivi. Feni ile ile, kwa mzunguko ule ule, inatoa tofauti ndogo zaidi hewa ikiwa nyepesi. Matokeo yake ni kwamba kilo 205 zilizoandikwa kwenye karatasi si lazima ziwe kilo 205 kwenye mitaa ya Mbeya kama Forest au Block T. Mtengenezaji anaweza kuongeza feni. Tatizo ni muuzaji ambaye hajawahi kuulizwa. Tena kiti cha magurudumu hakiingii isipokuwa kwenye saizi kubwa ya milimita 1,316, na inapopanda inavuma kama mashine ya kufyonza vumbi.

Kwenye ramani, kabla ya msingi

Amua nani atapanda. Kiti cha magurudumu pamoja na msaidizi kinataka kabini ya milimita 1,100 kwa 1,400 na mlango wenye uwazi wa 900. Kwa lifti ya kamba ya kilo 630, hiyo ni sawa na mnara wa ndani wa takriban 1,650 kwa 1,750. Mwenye kiti anayejisukuma mwenyewe anaweza kutosheka na jukwaa la 900 kwa 1,200 na mlango wa 800, lakini hapo hageuki; aingie upande mmoja atokee mwingine. Mpango huo unafaa sana viwanja vya mteremko chini ya mlima Loleza, Mbeya, ambako gari linaegeshwa chini na sebule iko juu: mlango wa gereji upande huu, mlango wa sebule upande ule.

Mnara wa tofali za kuchoma ndio chanzo cha ugomvi mwingi kati ya fundi ujenzi na fundi lifti. Bolti za kutanuka hazishiki kwenye tofali hizo. Zinalipasua, au zinashika leo na kulegea baada ya miezi. Reli inahitaji mabano kila mita 1.5 hadi 2.5 kulingana na mtengenezaji. Kwa hiyo mwaga zege mnara mzima, au weka ringi bimu kwenye kila kimo cha bano. Pata mchoro wa mabano kwanza, ndipo ujenge, siyo kinyume. Ukuta unaopakana na chumba cha kulala usipewe reli wala mtambo. Reli ikae ukuta wa ngazi au wa korido.

Unyoofu unapimwa kwa timazi kutoka juu hadi chini kwenye pembe zote nne. Ukuta ukihama zaidi ya milimita 10 hadi 15, mabano hayafiki au kabini inagusa. Fundi akikwambia plasta itaficha, mkumbushe kwamba plasta inapunguza nafasi, haiongezi. Uwaachie pia mafundi wa lifti alama ya sakafu iliyokamilika. Sakafu ya zege bado inangoja lipu ya sentimita 4 au 5 na tailizi, na kizingiti cha mlango wa lifti kikifungwa kwa kimo cha zege tupu, utapanda ngazi ya sentimita 6 kuingia kwenye lifti uliyoinunua ili uepuke ngazi.

Shimo lijengwe kama tanki la maji lililogeuzwa: maji yasiingie. Zege la C25 lenye dawa ya kuzuia maji, sakafu ya sentimita 20 hadi 25, nondo za milimita 12 juu na chini kama mhandisi wa miundo atakavyopanga kwa mizigo ya mtengenezaji, na kwenye kona kishimo cha sentimita 30 kwa 30 cha kuingizia pampu. Usiliunganishe na bomba la maji machafu; likiziba, maji yanarudi upande wako. Tukuyu, ambako mvua ni nyingi mno, tungekwepa shimo refu kabisa.

Kama fedha haitoshi sasa, jenga nafasi. Panga stoo juu ya stoo, zenye ukubwa ule ule wa mnara, na kwenye zege la ghorofa acha tundu lililozungushiwa boriti na kufunikwa kwa mbao au paneli inayoondoleka. Pitisha bomba la umeme tupu kutoka kwenye bodi kuu. Kukata zege baadaye, na kulitafutia boriti mpya watu wakiwa wanaishi humo, ni balaa linaloepukika kwa mstari mmoja wa mchoraji.

Marumaru, mninga na hesabu ya uzito

Nyumba ya kifahari inataka kabini ya kifahari, na hapa watu huharibu lifti nzuri kwa mikono yao. Sakafu ya marumaru ya milimita 20 kwenye kabini ya 1,100 kwa 1,400 ina uzito wa kilo 83 hivi. Kuta tatu za mbao za mninga za milimita 12 zinaongeza kilo 60 na kitu. Jumla inakaribia kilo 150, yaani watu wawili wazima waliosimama humo usiku na mchana. Kwenye lifti ya kilo 400 umebaki na 250. Kwenye lifti ya kamba hali ni mbaya zaidi, kwa sababu uzito wa kusawazisha ulipangwa kwa kabini tupu pamoja na asilimia 40 hadi 50 ya mzigo. Ukipamba baada ya kupangwa, breki inateleza kwenye kusimama na mota inapata joto. Mwambie muuzaji uzito wa mapambo kabla ya kiwanda kuanza. Vinginevyo tumia tailizi ya milimita 6 na veneer ya mninga juu ya bodi nyepesi. Macho hayatajua tofauti.

Mbao ziwe zimekauka sawasawa. Ubao mbichi utapinda mpaka uguse mlango.

Milango

Hitilafu nyingi za lifti zinaanzia mlangoni. Mlango wa kuteleza ni mzuri na wa gharama. Njia yake ya chini inajaa mchanga na inahitaji kufagiliwa kila wiki kwa brashi, kazi ya dakika moja ambayo dada wa nyumbani afundishwe. Mlango wa kuvuta hauna njia ya kujaa mchanga, na tunaupendelea, isipokuwa kwa hatari moja ya watoto. Kati ya mlango wa sakafu na mlango wa kabini hubaki nafasi, na mtoto anaweza kujibana humo mlango ukafungwa nyuma yake. Marekani watoto wamekufa hivyo, na kanuni ya ASME A17.1 ikabana nafasi hiyo: mlango usikae zaidi ya milimita 19 kutoka kwenye ukingo wa kizingiti, na mpira wa milimita 102 usipite kati ya milango miwili. Pima mwenyewe kwa rula siku ya makabidhiano. Ikizidi, dai kijazio cha mlango kabla hujasaini.

Umeme

Pima volti kwenye mita saa moja usiku, wakati mtaa mzima unapika. Mota zinavumilia asilimia 10 juu au chini ya 230, yaani 207 hadi 253. Mwisho wa laini ya TANESCO utaona 190, na pampu ya haidroliki ya fezi moja ikianza, inayovuta ampea mara tano hadi saba ya kawaida, volti zitashuka zaidi na kontakta (swichi za kuwashia mota) zitatetemeka. Dai kiwashio cha taratibu na waya wa kutosha, na usitegemee stabilaiza ya friji. Kwa fezi tatu, weka rilei ya kulinda mpangilio wa fezi: mafundi wa laini wakirudisha nyaya kinyume baada ya matengenezo, mota itazunguka kinyume. Rilei itaisimamisha lifti, wewe utadhani imekufa, kumbe nyaya mbili zimebadilishana.

Radi za huku hazihitaji utangulizi. Kinga ya mawimbi ya umeme kwenye bodi ya lifti ni lazima, na haifai kitu bila athi nzuri. Lenga ohmu 10 au chini. Kwenye mwamba wa Iringa fimbo moja haifiki. Chimba mtaro, laza waya wa shaba, unganisha fimbo kadhaa fupi, kisha upimwe kiangazi ardhi ikiwa kavu. Mfunga umeme awe na leseni ya EWURA na mkandarasi awe na usajili wa CRB. Kadi zenyewe uzione.

Bei na huduma

Nukuu nzuri inatenganisha lifti bandarini, kodi na VAT ya asilimia 18, usafiri hadi kwako, kazi ya zege, ufungaji, majaribio, na huduma ya mwaka wa kwanza. Nukuu ya mstari mmoja ni ya kukataa. Tangu 2025 kanuni zinazuia bei za ndani ya nchi kutajwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo dai shilingi. Sehemu ya mwisho ya malipo ibaki mkononi mwako mpaka lifti ijaribiwe na mzigo kamili, umeme ukakatwa makusudi ikiwa katikati ya sakafu mbili, na watu wakashuka.

Huduma ndipo wauzaji wengi wanapopata alama ya chini. Mafundi wao wako Dar es Salaam, na mlima wa Kitonga njiani haukimbiliki. Mkataba utaje saa za kufika mtu akiwa amekwama, siku za kufika lifti ikiwa imesimama, nani analipa nauli na malazi, na ziara ngapi za ukaguzi kwa mwaka. Nne zinatosha nyumba ya kawaida. Wajenga nyumba wawili watatu wa mtaa mmoja wakinunua aina moja, wanagawana safari za fundi na boksi la vipuri. Sharti jingine: kampuni imfundishe fundi umeme mmoja wa hapa kazi za ngazi ya kwanza, yaani kusoma namba za hitilafu, kubadilisha swichi ya mlango, fyuzi, betri na kontakta. Vijana waliotoka VETA na MUST wanaliweza hilo bila shida. Vipuri hivyo hivyo vinunuliwe pamoja na lifti na vikae kabatini kwako. Betri ya dharura ibadilishwe kwa ratiba, isisubiriwe ife. Inakufa kimya, na utajua siku ya giza.

Mlinzi na wanaoishi ndani wafundishwe kuzima swichi kuu, kushusha kwa mkono, na kutumia ufunguo wa pembetatu wa mlango. Mtu asivutwe nje ikiwa kabini iko juu ya sakafu kiasi cha kuacha uwazi chini yake, maana anayeteleza hapo anaangukia kwenye shimo. Ashushwe kwanza, au angoje fundi.

Mwisho ni simu ya dharura ya ndani ya kabini. Nyingi zinatumia laini ya kawaida ya simu ya mkononi. Jaribu mtandao kabini ikiwa imefungwa kila sakafu, kwa sababu mnara wa zege unakula mawimbi. Ikibidi, antena itoke juu ya paa. Na laini hiyo ipigiwe na kuwekwa salio kila mwezi, kwani laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungiwa na kampuni ya simu.